Mwongo Mbele ya Majaji Tisa

Tarehe 23 Julai 2007, wajumbe wa bodi ya maji ya Three Valleys walikaa kikao mjini Claremont, California. Xavier Alvarez, mjumbe aliyekuwa ameingia karibuni, alipewa nafasi ajitambulishe. Akasema yeye ni mwanajeshi mstaafu, aliyetumikia kikosi cha wanamaji kwa miaka 25 na kustaafu mwaka 2001. Akaongeza kwamba mwaka 1987 alitunukiwa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kuliko zote katika majeshi ya Marekani, na kwamba alijeruhiwa mara nyingi na adui yule yule mmoja.

Hakukuwa na chembe ya ukweli. Alvarez hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Nyakati nyingine alikwisha kuwaambia watu kwamba alicheza hoki ya barafu katika timu ya Detroit Red Wings, kwamba alimwoa kwa siri mwigizaji nyota wa Mexico, na kwamba alimwokoa balozi wa Marekani wakati wa mgogoro wa mateka nchini Iran. Siku ile ya Julai hakuwa akiomba kura, kwa kuwa kiti alikwisha kukipata. Hakuomba fedha, kazi wala upendeleo. Alijisifu tu, kwa sifa za wanaume waliokufa vitani.

Miezi michache kabla, Desemba 2006, Rais George W. Bush alikuwa ametia saini Sheria ya Ushujaa Ulioibwa. Chini ya sheria hiyo, kudai kwa uongo kwamba umepewa nishani ya kijeshi kulikuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miezi sita, na mwaka mzima ikiwa nishani yenyewe ni ile ya Heshima. Shirika la upelelezi la FBI likapata sauti iliyorekodiwa kikaoni, na Alvarez akafikishwa mahakamani. Alikiri kusema maneno yale, lakini akajiwekea haki ya kuipinga sheria yenyewe. Adhabu yake ilikuwa faini ya dola 5,000, miaka mitatu chini ya uangalizi na saa 416 za kazi za kijamii.

Hapo ndipo shauri la mtu mmoja mwenye majigambo lilipogeuka swali zito la katiba, nalo likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani: je, dola inaweza kumwadhibu raia kwa sababu tu amesema uongo?

Watu wengi watajibu haraka kwamba inaweza, tena inapaswa. Mtoto wa Kiswahili hukua akisikia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Msikitini na kanisani uongo ni dhambi, na katika baraza la wazee aliyesema uongo hupoteza heshima yake hata kama hakutozwa faini. Lakini dhambi ni jambo moja na jinai ni jambo jingine. Sheria za karibu kila nchi huadhibu aina fulani za uongo, na aina hizo zina sura inayofanana. Anayeapa uongo kizimbani anaweza kumpeleka asiye na hatia gerezani. Tapeli huondoka na akiba ya mtu. Anayeuza dawa bandia anaua, na anayejifanya askari polisi anapora mamlaka asiyopewa. Katika kila mfano yupo mtu wa kuonyeshwa kwa kidole: huyu hapa ameumizwa, na hiki ndicho alichopoteza. Kesi ya Alvarez ilikosa mtu huyo. Ilikuwa na uongo mtupu, usio na mfuko uliochomolewa wala jina lililochafuliwa, na kwa sababu hiyo iliwalazimisha majaji kusema wanaadhibu nini hasa.

Hukumu ilitoka tarehe 28 Juni 2012. Majaji sita dhidi ya watatu waliitupa sheria ile.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya wanne, hakumtetea Alvarez hata kwa sentensi moja. Alikuwa mwongo, na Kennedy alilisema hilo waziwazi. Hofu yake ilikuwa mlango ambao ungefunguliwa. Kama Serikali inaweza kuchagua jambo moja, kwa mfano nishani za kijeshi, na kuugeuza uongo juu yake kuwa jinai, basi inaweza kutunga orodha isiyo na mwisho ya mambo ambayo kuyakosea ni jela. Kennedy aliikumbusha mahakama ile dola ya kubuni ya George Orwell, yenye wizara inayopanga ukweli wa kila siku. Aliona pia kwamba dawa ilikwisha kufanya kazi kabla ya mwendesha mashtaka kufika: Alvarez alikwisha kuumbuliwa na kuzomewa hadharani. Serikali ingeweza kuweka orodha ya wazi ya waliotunukiwa nishani, kila mtu akajionea. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi uliofuata wizara ya ulinzi ilifungua tovuti yenye majina hayo.

Jaji Stephen Breyer, akiungwa mkono na Elena Kagan, alifika mahali pale pale kwa njia nyingine, na pengine iliyo karibu zaidi na maisha ya watu. Alikumbusha kwamba binadamu husema uongo kwa sababu nyingi, na baadhi yake ni za huruma: kulinda faragha, kumkinga mtu na ubaguzi, kumfariji mgonjwa, kutuliza watu wasikanyagane kwa hofu. Sheria inayoukamata uongo wote bila kuuliza umemdhuru nani itawakamata na hawa.

Upande wa pili ulikuwa na hoja, na ingekuwa kosa kuipita kwa haraka. Jaji Samuel Alito, pamoja na Antonin Scalia na Clarence Thomas, aliuliza ni faida gani ambayo jamii inapata kwa kuulinda uongo wa aina hii. Mjane wa askari aliyekufa vitani anapomsikia mtu asiyewahi kushika bunduki akijivika heshima ya marehemu, anaumia kweli. Na kila nishani ya kubuni inaipunguzia uzito nishani ya haki. Alito alikuwa sahihi kuhusu maumivu hayo. Ila hakuweza kuonyesha mahali ambapo mamlaka aliyotaka kuipa Serikali yangekoma.

Bunge la Marekani lilijifunza. Mwaka 2013 lilipitisha sheria mpya, na Rais Barack Obama akaitia saini Juni ya mwaka huo. Kosa sasa ni kudanganya kuhusu nishani kwa nia ya kujipatia fedha, mali au manufaa mengine ya kushikika. Hatima ya Alvarez mwenyewe inalieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha sheria. Alikuwa amemwandikisha mwanamke aliyekwisha kuachana naye kama mke wake ili apate bima ya afya ya bodi ya maji. Kwa uongo huo, ulioigharimu mifuko ya walipa kodi, alitiwa hatiani kwa udanganyifu na kufungwa, wala hakuna jaji aliyeona kwamba uhuru wa kujieleza umeguswa.

Swali hili lingebaki la Wamarekani na nishani zao kama si jambo moja: miaka minane kabla ya hukumu ya Alvarez, mahakama ya Kampala ilikwisha kulijibu, tena katika kesi iliyokuwa na hatari kubwa zaidi.

Jumapili ya tarehe 21 Septemba 1997, gazeti la The Monitor lilichapisha habari kwamba Laurent Kabila, aliyekuwa ameingia madarakani Kinshasa miezi minne tu iliyopita, aliilipa Uganda kwa dhahabu kwa msaada iliompa vitani. Gazeti halikujifanya limeivumbua habari hiyo. Lilitaja chanzo chake, jarida la Indian Ocean Newsletter la Paris, na kichwa cha habari chenyewe kilieleza kwamba hayo yanasemwa na ripoti. Mwezi uliofuata mhariri Charles Onyango-Obbo na mwandishi Andrew Mwenda walishtakiwa chini ya kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu: kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuleta hofu kwa umma au kuvuruga amani.

Kifungu kile kilikuwa na kinga moja. Mshtakiwa angeweza kuponyoka kama angethibitisha kwamba kabla ya kuchapisha alichukua hatua za kuhakiki habari. Lakini nani nje ya ikulu angeweza kuhakiki mkataba wa siri kati ya marais wawili? Yule mwenye hati ndiye aliyekuwa akishtaki.

Wanahabari wale waliachiwa na mahakama ya chini. Wangeweza kwenda nyumbani. Badala yake waliendelea kukipinga kifungu chenyewe, wakashindwa katika Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikifuta kifungu cha 50. Jaji Joseph Mulenga, aliyeandika hukumu kuu, alisema kwamba maneno hayaondoki chini ya ulinzi wa katiba kwa sababu tu wengine wanaona ni ya uongo, yana makosa au yanachukiza. Aliona pia kwamba kifungu kilichotegemea kubashiri kama habari "inaweza" kuleta hofu kinamwacha mwandishi gizani: hajui amevuka mpaka hadi akamatwe.

Na dhahabu? Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliona kwamba Uganda ilikiuka wajibu wake kwa uporaji wa maliasili uliofanywa na wanajeshi wake katika ardhi ya Kongo. Februari 2022 mahakama hiyo iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo zilikuwa kwa ajili ya maliasili. Uamuzi huo ulihusu vita vilivyofuata, wala haukuthibitisha ile habari ya mwaka 1997. Lakini unaonyesha kwamba majeshi ya Uganda na dhahabu ya Kongo lilikuwa jambo ambalo raia walikuwa na kila haki ya kuliulizia mapema, hata kwa habari pungufu, hata kwa kukosea.

Kifungu cha 50 hakikuzaliwa Kampala. Mwaka 1275, enzi za Mfalme Edward wa Kwanza, sheria ya Westminster ilikataza kusimulia visa vya uongo vinavyoweza kuleta fitina kati ya mfalme na watu wake au wakuu wa nchi. Shabaha ilikuwa kuwalinda wakubwa. Ukweli ulikuwa kisingizio. Waingereza waliiondoa vitabuni mwao mwaka 1887. Lakini wazo lile lilikwisha kusafiri, likaingia katika kanuni za adhabu za makoloni, na uhuru ulipokuja watawala wapya walilikuta kabatini na hawakuona sababu ya kulitupa.

Zimbabwe ililitumia mwaka 1999 dhidi ya mhariri Mark Chavunduka na mwandishi Ray Choto wa gazeti la The Standard, walioandika kwamba wanajeshi kadhaa wamekamatwa kwa kupanga kuipindua Serikali. Wote wawili waliteswa mikononi mwa jeshi kabla ya kufikishwa mahakamani. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ilikifuta kifungu kilichotumika kuwashtaki.

Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa wa Kanada. Ernst Zündel alichapisha kijitabu kinachokana kwamba Wayahudi milioni sita waliuawa na utawala wa Hitler. Huo ulikuwa uongo kamili, wenye chuki ndani yake. Hata hivyo mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilikifuta kifungu cha habari za uongo alichoshtakiwa nacho. Majaji hawakusema Wakanada waachiwe kueneza chuki: miaka miwili nyuma mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeithibitisha sheria inayokataza uchochezi wa chuki dhidi ya jamii fulani. Walikuwa wakitenganisha makosa mawili. Kumchochea mtu amchukie na kumdhuru jirani yake ni kosa. Kukosea historia, hata kwa makusudi, ni jambo jingine.

Anayeishi Ulaya au Amerika anaweza kuridhika na mgawanyo huo. Anayeishi katika Maziwa Makuu ana haki ya kuuliza zaidi, kwa sababu huku uongo umeua mamia kwa siku chache.

Tarehe 3 Machi 1992, Radio Rwanda ilitangaza, ikarudia na kurudia, taarifa iliyodaiwa kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu kilichoko Nairobi. Taarifa ilisema Watutsi wamepanga kuwaua viongozi kadhaa wa Kihutu. Hakukuwa na mpango wowote kama huo. Muda si mrefu mauaji yakaanza Bugesera, kusini ya Kigali. Nyumba zilichomwa, mamia ya Watutsi wakauawa, maelfu wakakimbilia makanisani. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi Nyamata kwa miaka mingi, alizieleza redio za nje kwa simu kwamba hizo si ghasia za wananchi wenye hasira, bali ni mauaji yaliyopangwa. Siku chache tu baada ya mauaji kuanza alipigwa risasi akafa.

Mtu anaweza kulichukua tukio hili na kusema: basi hapa ndipo sheria ya habari za uongo inapohitajika. Litazamwe kwa makini. Nani alikuwa na kipaza sauti? Radio Rwanda ilikuwa redio ya Serikali, chini ya ofisi iliyoongozwa na Ferdinand Nahimana. Sheria ya kuadhibu uongo ingekuwa mikononi mwa dola ile ile iliyokuwa ikiutangaza, na mtu wa kwanza kushtakiwa kwa "kuleta hofu kwa umma" angekuwa Locatelli. Wanaoipigania sheria ya namna hii humwona hakimu mwadilifu akimkabili mzushi. Bugesera mzushi alikuwa ofisini, na msema kweli alikuwa na simu tu.

Nahimana baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993 na kuwaelekeza wauaji wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia vifungo hadi miaka 30, 32 na 35. Miongoni mwa makosa yaliyosimama hadi mwisho, Nahimana na Ngeze walibaki na hatia ya uchochezi wa moja kwa moja, wa hadharani, wa mauaji ya kimbari, na Barayagwiza ya kuchochea mauaji ya kimbari. Hakuna aliyefungwa Arusha kwa kusema uongo, na hawakupata nafuu yoyote kwa hilo. Sheria ya uchochezi ilitosha kuwafunga. Kilichokosekana mwaka 1992 na 1994 ni mtu wa kuitumia kabla damu haijamwagika.

Upo pia uzushi usio na mwandishi. Mwaka 2017 wilaya za kusini ya Malawi zilikumbwa na uvumi wa wanyonya damu, jamaa wa karibu wa mumiani ambao wazee wa Dar es Salaam na Mombasa waliutisha nao utoto wa vizazi kadhaa. Makundi yenye hasira yaliua watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe. Waliokuwa wakieneza habari ile hawakuwa waongo. Waliiamini, na waliwaonya jirani zao kwa nia njema. Kwani lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sheria inayomtafuta mtu anayejua kwamba anadanganya ingewapita hawa wote bila kumgusa hata mmoja. Na sheria inayomwadhibu kila aliyekosea ingelazimika kufunga nusu ya wilaya. Waliostahili jela ni walioua, na kwa hao sheria ya mauaji ilikuwapo tangu zamani.

Pamoja na ushahidi wote huu, enzi ya simu za mkononi imekifufua kifungu cha zamani kwa jina jipya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha kwenye kompyuta taarifa anayojua kuwa ni ya uongo, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa sheria yake, ambayo kifungu cha 23 kilifikia miaka kumi jela kwa taarifa za uongo zinazoweza kuleta taharuki. Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu kadhaa Mei mwaka huo. Februari 2020 Jaji James Makau aliona vinakubaliana na katiba, na waliovipinga wakakata rufaa.

Njia ambayo mamlaka ya namna hii huchukua ilionekana wazi zaidi katika jambo kavu kama takwimu. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye lengo la kupinga, kupotosha au kutilia shaka zile za Serikali. Mtafiti aliyehesabu vizuri akapata jibu tofauti na la ofisi ya taifa angeweza kujikuta kizimbani. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na Juni 2019 Bunge likakiondoa kifungu hicho. Mwaka mmoja baadaye likaja janga la korona. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa baada ya tarehe 29 Aprili 2020. Julai kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Hapo hata uongo haukuhitajika tena kuthibitishwa. Muuguzi mwenye ukweli na mzushi mwenye uongo waliwekwa kapu moja, kwa sababu wote wawili hawakuwa na kibali, wakati ambapo watu walihitaji kujua kama wavae barakoa sokoni.

Mahakama za bara zimekuwa zikilisema hili kwa sauti inayozidi kupanda. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kwamba Burkina Faso ilikosea kumfunga mhariri Lohé Issa Konaté miezi 12 kwa kumtuhumu mwendesha mashtaka rushwa. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuta vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, kikiwemo kile cha taarifa za uongo zenye kuleta hofu, vinakiuka mkataba wa jumuiya. Novemba mwaka huo huo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipitisha tamko linalozitaka nchi zifute makosa ya uchochezi dhidi ya Serikali, matusi dhidi ya viongozi na uchapishaji wa habari za uongo.

Anayeumizwa na uongo je? Aachwe alie peke yake? Hapana, na hapa watetezi wa uhuru wa kujieleza mara nyingi huzungumza kwa wepesi usiostahili. Tarehe 14 Desemba 2012 mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Mtangazaji Alex Jones aliwaambia wasikilizaji wake kwa miaka kadhaa kwamba mauaji yale yalikuwa maigizo. Wazazi waliozika watoto wao walitishiwa na kufuatwafuatwa na watu waliomwamini. Ukisikia ushuhuda wao, maneno ya Kennedy kwamba dawa ya uongo ni kusema kweli yanaonekana baridi. Walikuwa wakiisema kweli kila siku, na bado walitishiwa.

Lakini walikuwa na mlango, na haukuwa wa polisi. Walifungua kesi ya madai ya kashfa. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama la Connecticut lilimwamuru Jones kulipa dola milioni 965, na la Texas karibu milioni 50 nyingine. Katika kesi ya madai Serikali haichagui nani ashtakiwe. Aliyeumizwa ndiye anayefungua jalada, anamtaja aliyemwumiza, na majaji wanapima maneno yale dhidi ya ushahidi wa pande mbili. Hata pale sheria ilikwisha kuwekewa breki muhimu: tangu hukumu ya mwaka 1964 iliyoliokoa gazeti la New York Times dhidi ya L. B. Sullivan wa Alabama, kiongozi wa umma anayedai kukashifiwa lazima athibitishe kwamba mchapishaji alijua anadanganya au hakujali kabisa ukweli. Tangazo lililomkera Sullivan lilisema Martin Luther King alikamatwa mara saba, wakati alikamatwa mara nne. Makosa ya namna hiyo yalikuwa yametosha kuliangushia gazeti fidia ya dola 500,000, na kuwatisha wote waliokuwa wakiripoti ubaguzi wa kusini.

Udhaifu wa njia hii ni muda na pesa. Familia za Sandy Hook zilisubiri karibu miaka kumi, na mwanakijiji wa Handeni au Kitui aliyezushiwa uchawi kwenye kundi la WhatsApp hana wakili wa kumngojea muda huo. Kwake kifaa chenye maana ni amri ya haraka ya mahakama ya mwanzo: uongo usahihishwe mahali pale pale uliposambazwa, na fidia ilipwe, bila mtu kulala rumande. Kenya ilikwisha kukubali nusu ya hoja hii Februari 2017, pale Mahakama Kuu ilipofuta kashfa ya jinai katika kesi ya Jacqueline Okuta na kusema njia ya madai inatosha.

Tanzania haihitaji mapinduzi ili ianze. Kifungu cha 16 kinachanganya mtu anayedanganya ili aibe na mtu aliyechapisha kitu "kisicho sahihi" kikawaudhi wakubwa. Kifungu cha takwimu kiliondolewa mwaka 2019 kwa sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali, bila tume wala kura ya maoni. Njia hiyo hiyo ipo wazi kwa hiki: yatolewe maneno yanayoadhibu kukosea, kibaki kile kinachomgusa anayejua anadanganya na kumsababishia mtu hasara inayoonyeshwa mahakamani, na kiwango cha chini cha miaka mitatu kifutwe.